Sumukuvu kwenye Mazao ya Chakula: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo wakulima, wenye maghala, wasagishaji, wafugaji na wanafunzi wa maabara hurudia kuyauliza. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Mwenye haraka aanze na swali la 9, kwa sababu ubishi mwingi kuhusu majibu ya vipimo unaishia hapo.

## Mambo ya msingi

1. Sumukuvu ni nini, na inatofautianaje na ukungu wenyewe?

Ukungu ni kiumbe hai. Unaota, unasambaa, na ukikosa maji unakufa au unalala. Sumukuvu ni kemikali ambayo baadhi ya kuvu huitengeneza zinapokua juu ya punje. Kuvu ikishakufa, kemikali hubaki palepale, nayo haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji. Kwa hiyo kuua ukungu ni kazi moja na kuondoa sumu ni kazi nyingine. Dawa nyingi zinazosifiwa mitaani hufanya ile ya kwanza tu.

2. Zipo aina ngapi, na ipi ya kuogopwa zaidi?

Zimetambuliwa mamia, lakini zinazosumbua chakula ni chache. Aflatoksini hutengenezwa hasa na *Aspergillus flavus* na *Aspergillus parasiticus*, na hupenda mahindi, karanga, mbegu za pamba, njugu za miti na viungo vya pilipili. Fumonisini hutoka kwa *Fusarium verticillioides* na jamaa zake, na zao lake kuu ni mahindi. Deoksinivalenoli, ambayo wengi huiita DON, hushambulia ngano, shayiri na mahindi ya maeneo ya baridi. Zearalenoni hufuatana nayo na huvuruga uzazi wa mifugo, nguruwe hasa. Okratoksini hupatikana kwenye nafaka, kahawa na zabibu kavu na huumiza figo. Patulini ni ya matofaa yaliyooza na juisi yake.

Inayoongoza kwa hatari ni aflatoksini B1. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka jamii ya aflatoksini katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Fumonisini B1 na okratoksini A ziko kundi la 2B, ambako ushahidi haujafika mbali kiasi hicho. Mara nyingi mzigo mmoja wa mahindi hubeba aflatoksini na fumonisini kwa pamoja, na anayepima moja tu anaona nusu ya habari.

3. Zinamfanya nini mtu?

Kwa dozi kubwa, aflatoksini huua ini ndani ya siku au wiki chache: macho ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika, kisha kifo. Mwaka 1974, katika majimbo ya Gujarat na Rajasthan nchini India, wagonjwa 397 waliandikishwa na 106 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2004, mashariki na kati mwa Kenya, waliougua walikuwa 317 na waliofariki 125. Mwaka 2016 Tanzania ilipata mlipuko wake katika maeneo ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 na vifo 20.

Milipuko hiyo ndiyo inayofika kwenye habari, ila madhara makubwa zaidi ni ya kimyakimya. Dozi ndogo zinazoliwa kila siku kwa miaka huongeza saratani ya ini. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yuko hatarini zaidi: kamati ya wataalamu wa viongezi vya chakula ya FAO na WHO ilikadiria kwamba kiasi kilekile cha aflatoksini kina nguvu ya kuleta saratani mara 30 hivi kwa mtu mwenye virusi hivyo kuliko asiye navyo. Kwa watoto, tafiti zilizoanzia Benin na Togo mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilionyesha kwamba wenye aflatoksini nyingi kwenye damu walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao. Je, sumu ndiyo iliyowadumaza, au inaandamana tu na umaskini wa mlo? Watafiti bado wanalivuta hilo huku na huku, na majaribio yaliyofuata hayakutoa jibu moja.

4. Ziligunduliwaje?

Mwaka 1960 nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana ulioitwa "X". Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye chakula chao, mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyokuwa na *A. flavus*. Fumonisini zilichelewa sana: zilitengwa mwaka 1988 nchini Afrika Kusini na watafiti waliokuwa wakichunguza mahindi yenye kuvu na saratani ya umio.

5. Mahindi yangu hayana ukungu wowote unaoonekana. Ni salama?

Hapana, si lazima. Kuvu inaweza kuwa ndani ya kiini, au ilikuwepo ikakauka na vumbi lake likapetwa. Kinyume chake pia hutokea: punje yenye ukungu wa kijani ikawa na sumu kidogo au isiwe nayo kabisa, kwa sababu zipo *A. flavus* zisizojua kutengeneza sumu (swali la 18 linategemea jambo hilo). Hata hivyo, punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu au nyepesi kuliko kawaida zina uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba sumu. Kwa kuchambua, macho yanafaa. Kwa kuthibitisha usalama, hayafai.

6. Kuchemsha au kukaanga kunaondoa sumu?

Kuchemsha hakusaidii kitu cha kutegemewa. Aflatoksini B1 safi huyeyuka karibu nyuzi 268 za Selsiasi, na maji yanachemka kwenye 100. Kukaanga karanga kwa moto mkali hupunguza sehemu ya sumu, lakini kiasi kinachopungua hutegemea unyevu, muda na joto, na hakuna anayeweza kukuahidi kwamba kilichobaki kiko chini ya kiwango. Kuchachusha nako hupunguza kidogo, bila uhakika.

Kuna njia moja ya jikoni iliyofanyiwa utafiti wa kutosha, nayo ni ya Amerika ya Kati: mahindi huchemshwa na kulowekwa katika maji ya chokaa, kisha huoshwa. Fumonisini hupungua vizuri. Kwa aflatoksini matokeo huonekana mazuri kupita ukweli, kwa kuwa sehemu ya molekuli iliyofunguliwa na chokaa inaweza kujifunga tena ikikutana na tindikali, na tindikali tunayo tumboni.

## Sumu inavyoingia kwenye zao

7. Inaanzia shambani au ghalani?

Kote kuwili, na uwiano unategemea ni sumu ipi. *Fusarium* huhitaji punje yenye maji mengi, kwa hiyo fumonisini na DON ni za shambani kwa sehemu kubwa: zao likishakauka hazizidi tena. *A. flavus* inavumilia ukavu zaidi. Huingia shambani kupitia ndevu za hindi au tundu la kiwavi, hukaa kimya, kisha huendelea kwenye mzigo uliorundikwa ukiwa mbichi.

Kinachoifungulia mlango shambani ni ukame na joto wakati punje zinajaa. Mmea uliokaukiwa na maji hupoteza kinga, maganda ya karanga hupasuka udongoni, wadudu huongezeka. Mwaka 2012 Serbia ilipata ukame mkali, mahindi yakachafuka kwa aflatoksini, na mwanzoni mwa 2013 sumu ikajitokeza kwenye maziwa nchini humo na kwa majirani. Kusini mwa Ulaya aflatoksini ilihesabiwa kuwa tatizo la mizigo iliyoagizwa kutoka nje. Sasa wanailima wenyewe.

8. Unyevu uwe kiasi gani ili niwe salama?

Kwa mahindi, lenga asilimia 13.5 au chini. Kwa karanga zilizobanguliwa, asilimia 7 hivi. Tofauti hiyo inashangaza watu, lakini karanga ina mafuta mengi, na mafuta hayabebi maji, kwa hiyo maji machache yaliyomo yanatosha kuilisha kuvu. Watafiti hupendelea kipimo kiitwacho shughuli ya maji, kinachoeleza ni kiasi gani cha maji kiko huru kwa kuvu kuyatumia. Chini ya 0.70 karibu hakuna kuvu ya kuhofiwa inayokua. *A. flavus* huanza kupata nguvu ikifika 0.80 na kuendelea, na huchangamka zaidi kwenye nyuzi 25 hadi 35.

Kung'ata punje au kusikiliza inavyolia mkononi hakutoshi. Kipimaunyevu cha mkononi ndicho kifaa cha kwanza ambacho kikundi cha wakulima kinapaswa kununua, kabla hata ya kuwaza kununua vipimo vya sumu.

## Kupima

9. Mzigo uleule umepimwa aflatoksini mara mbili: kwanza mikrogramu 3 kwa kilo, kisha 40. Maabara ipi imekosea?

Huenda hakuna iliyokosea. Aflatoksini haikai kwenye mzigo kama chumvi kwenye mchuzi. Punje nyingi mno huwa safi kabisa, na chache sana zimejaa sumu kupindukia.

Tupige hesabu. Punje moja ya mahindi ina gramu 0.3 hivi. Zimewahi kupimwa punje mojamoja zenye mikrogramu 400,000 kwa kilo. Punje ya namna hiyo ina mikrogramu 120 za sumu ndani yake. Ikitumbukia kwenye sampuli ya kilo 5 ambayo punje nyingine zote 16,000 na zaidi hazina kitu, sampuli nzima itasoma mikrogramu 24 kwa kilo, na mzigo utakataliwa hata Marekani, ambako mpaka ni 20. Ukichukua sampuli nyingine ya kilo 5 na punje hiyo isiingie, utasoma sifuri. Mzigo ni mmoja, siku ni moja, mashine ni moja.

Ndiyo maana kosa kubwa katika zoezi zima hutoka kwenye kuchukua sampuli, likifuatiwa na kusaga na kugawa, na mashine huja mwisho. Mtu anayetumia fedha nyingi kununua mashine nzuri huku sampuli ikichotwa kwa kikombe kutoka gunia la juu anapima bahati yake. Sioni njia ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

10. Basi sampuli ichukuliweje?

Vijisampuli vingi vidogo kutoka pande zote za mzigo, juu, kati na chini, kisha vyote vichanganywe kuwa sampuli moja kubwa. Utaratibu wa Umoja wa Ulaya kwa shehena kubwa za nafaka unadai vijisampuli 100 vinavyofikisha kilo 10. Kwenye magunia tumia bambo refu, na uyapitie magunia mengi kadiri inavyowezekana. Nafasi bora zaidi ni wakati mzigo unapopakuliwa au unapita kwenye mkanda, kwa sababu hapo kila punje ina nafasi ya kuchotwa.

Kisha, na hapa ndipo wengi huteleza, sampuli *yote* isagwe kabla ya kugawanywa. Ukigawa punje nzima na kusaga gramu 200 tu, umerudia tatizo la swali la 9 ndani ya maabara. Unga uwe laini na uchanganywe vizuri. Kinu kisafishwe kati ya sampuli moja na nyingine, maana vumbi la mzigo mchafu linatosha kumhukumu asiye na hatia.

11. Kuna njia gani za kupima, na nitumie ipi?

Kwa mapokezi ya ghala au kinu: kipimo cha ukanda. Unachanganya unga na kimiminika, mara nyingi chenye methanoli, unatumbukiza ukanda, na baada ya dakika 5 hadi 15 mstari unajitokeza au unafifia. Ndani yake kuna kingamwili zinazonasa aflatoksini. Vile vyenye kisomaji cha kielektroniki hutoa namba, na hupunguza ubishi wa "mstari huu umefifia au haujafifia".

Kwa maabara inayopokea sampuli nyingi kwa siku: ELISA, inayotumia kingamwili pia lakini kwenye sahani yenye visima 96. Ni ya bei ya wastani, ila huyumba ikikutana na zao ambalo haikutengenezewa. Kipimo cha mahindi usikipeleke kwenye pilipili bila kukihakiki upya.

Kwa jibu la kisheria au la utafiti: kromatografia ya kimiminika, HPLC, baada ya kusafisha mchujo kwa mrija wenye kingamwili. Aflatoksini hung'aa zenyewe chini ya urujuanimno, bluu kwa kundi B na kijani kwa kundi G, na kigunduzi husoma mng'ao huo. Juu yake ipo LC-MS/MS, inayotenganisha molekuli kwa uzito wake na kuweza kusoma sumu nyingi kwa mkupuo mmoja. Hiyo ndiyo iliyofichua kwamba mazao mengi hubeba mchanganyiko wa sumu. Gharama yake ni kubwa, na zaidi ya fedha inadai mafundi, gesi safi na umeme usiokatika.

12. Je, taa ya urujuanimno inatosha? Nimeona watu wakimulika mahindi nayo.

Inachuja, haithibitishi. Kinachong'aa kwa kijani-manjano kwenye punje iliyopasuliwa si aflatoksini. Ni kitu kinachotokana na asidi ya koji, ambayo *A. flavus* hutengeneza pia. Kuvu ilikuwepo, basi. Sumu inaweza kuwepo au isiwepo, na mzigo uliokaa muda mrefu unaweza kupoteza mng'ao huku sumu ikibaki. Itumie kuamua ni mzigo upi upimwe kwanza.

13. Cheti kinasema "haikugunduliwa". Maana yake hakuna?

Maana yake ni kwamba kama ipo, iko chini ya kikomo ambacho njia hiyo inaweza kukiona. Uliza kikomo hicho ni kipi. Ukanda usioona chini ya mikrogramu 4 kwa kilo hauwezi kuthibitisha chakula cha mtoto, ambacho Umoja wa Ulaya unataka kiwe na aflatoksini B1 isiyozidi 0.1.

Kuna na sumu zilizojificha. Mmea hujaribu kujilinda kwa kuibandika sukari sumu ya DON, na kipimo kilichotengenezwa kwa DON ya kawaida kinaweza kuipita bila kuiona. Ndani ya utumbo, bakteria huibandua ile sukari na sumu inarudi.

14. Vipi kamera maalumu na akili bandia?

Kazi nyingi inafanyika huko, na baadhi imetoka maabara kitambo. Mitambo ya kuchambua kwa mwanga imekuwa ikitumika kwenye karanga na pistachio kwa miaka mingi, ikipuliza nje punje zenye rangi mbaya. Kamera za mawimbi mengi, zinazosoma infraredi iliyo karibu na mwanga unaoonekana, zinajaribu kuona mabadiliko ya wanga na mafuta yanayoletwa na kuvu ndani ya punje.

Tahadhari yangu ni hii: mifumo hiyo hujifunza kutokana na punje zilizopimwa kwa kemia, na mara nyingi punje hizo zimeambukizwa kwa makusudi ndani ya maabara. Ikipelekewa mbegu ya aina nyingine, ya msimu mwingine, usahihi hushuka. Ukisoma andiko linalotangaza usahihi wa asilimia 98, tafuta kwanza kama mfumo ulijaribiwa kwenye mzigo wa msimu ambao haukuwahi kuuona.

15. Kwa nini viwango vinatofautiana kati ya nchi na nchi?

Kwa sababu kiwango ni maafikiano kati ya afya na biashara, na kila upande hupima mizani yake. Marekani hutumia mikrogramu 20 kwa kilo kwa jumla ya aflatoksini katika chakula cha binadamu. Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka 10 kwa jumla na 5 kwa B1 kwenye mahindi. Umoja wa Ulaya hushuka hadi 4 na 2 kwa nafaka nyingi zinazoliwa moja kwa moja. Codex, tume ya FAO na WHO ya viwango vya chakula vya kimataifa, imeweka 15 kwa karanga zinazokwenda kusindikwa.

Kiwango kikali peke yake hakimlindi anayekula alicholima. Mahindi yasiyopita sokoni hayapimwi na mtu, na walioathirika katika milipuko ya swali la 3 wengi walikula akiba yao wenyewe au ya jirani.

## Kudhibiti

16. Nikiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu, nifanye lipi?

Kausha haraka, na usikaushie juu ya udongo. Turubai, mkeka au chanja iliyoinuliwa hutosha. Mengine yote hujengwa juu ya hilo.

Ushahidi wake ni mzuri. Nchini Guinea, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, vijiji 10 vilipewa kifurushi cha mambo mepesi kwa ajili ya karanga: kuchambua kwa mkono, mikeka ya kuanikia, mafunzo ya kukausha, magunia ya nyuzi asilia, vichanja vya mbao vya kuwekea magunia, na dawa ya wadudu. Vijiji vingine 10 viliendelea na kawaida yao. Miezi mitano baada ya mavuno, alama ya aflatoksini kwenye damu ya wanakijiji waliopewa kifurushi ilikuwa chini ya nusu ya wenzao. Hakukuwa na mashine yoyote.

17. Kuchambua na kukoboa kunasaidia kwa kiasi gani?

Sana, kwa sababu ileile inayofanya sampuli kuwa ngumu. Sumu ikiwa imejikusanya kwenye punje chache, kuzitoa chache hizo huondoa sehemu kubwa ya sumu. Kukoboa nako hupeleka sehemu kubwa kwenye pumba, kwani kuvu hupenda kiini na ganda. Tatizo ni mahali zinapokwenda hizo punje na hizo pumba. Zikiishia kwa kuku au kwa jirani mwenye uwezo mdogo, sumu imehama tu.

18. Kuvu "rafiki" inayonyunyizwa shambani inafanyaje kazi? Si tunaongeza tatizo?

Ndani ya jamii ya *A. flavus* kuna aina zilizopoteza baadhi ya jeni za kutengeneza aflatoksini. Watafiti huzikusanya kutoka mashamba ya eneo lenyewe, hupima kuhakikisha hazina uwezo huo, kisha huzipandikiza kwenye punje za mtama zilizouawa kwa joto ili zisiote. Punje hizo humwagwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya zao kuchanua, kwa kawaida kilo 10 kwa hekta. Kuvu hiyo huota, huwahi nafasi, na ile yenye sumu hukuta viti vimekaliwa.

Wazo lilianzia kwenye pamba ya Arizona, katika kazi ya Peter Cotty wa idara ya kilimo ya Marekani, na aina iitwayo AF36 ilisajiliwa huko mwaka 2003. IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki yenye makao Ibadan, ililileta Afrika kwa jina la Aflasafe, ikianzia Nigeria, kila nchi ikitumia kuvu za kwake. Majaribio ya mashambani huonyesha aflatoksini ikipungua kwa asilimia 80 na zaidi. Faida huendelea ghalani, kwa kuwa kuvu iliyoandamana na punje ni ile isiyo na sumu.

Kuongeza tatizo? Jumla ya *A. flavus* shambani haibadiliki sana. Kinachobadilika ni nani mwenye wingi. Mvua ikikosekana baada ya kumwaga, kuvu haioti na punje zinaliwa na ndege na sisimizi. Na haigusi fumonisini hata kidogo, hilo watu husahau.

19. Kuna mbegu zinazostahimili?

Za kustahimili kwa kiasi zipo, kinga kamili bado. Ustahimilivu wa aflatoksini unaongozwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na hubadilika kulingana na hali ya hewa. Kwa fumonisini kuna njia ya mzunguko: mahindi ya Bt, yaliyopandikizwa jeni ya bakteria ili yazuie viwavi, mara nyingi huwa na fumonisini chache kwa kuwa matundu ya kuingilia kuvu ni machache.

Mwaka 2017 timu ya Chuo Kikuu cha Arizona ilichapisha mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yapeleke ndani ya kuvu kipande cha RNA kinachozima jeni ya sumu. Punje ziliambukizwa na aflatoksini haikugunduliwa. Kutoka hapo hadi mbegu ya dukani ni safari ndefu ya vibali.

20. Mifuko isiyopitisha hewa inaua sumu?

Haiui. Inachofanya ni kuminya oksijeni: wadudu na punje hupumua hadi hewa inakwisha, wadudu wanakufa, kuvu inadumaa. Mahindi makavu yakiingia, yanatoka makavu na bila matundu. Mahindi mabichi yakiingia, unafungia joto na jasho ndani. Soma swali la 8 kabla ya kufunga mfuko.

21. Udongo wa bentonaiti au amonia je?

Bentonaiti hunasa aflatoksini tumboni mwa mnyama na kutoka nayo kwenye kinyesi. Kwenye chakula cha mifugo inatumika sana. Haifanyi kazi hiyo kwa DON wala kwa sumu nyingine nyingi. Kwa binadamu imefanyiwa majaribio ya muda mfupi, ikiwemo Ghana, lakini si kitu cha kuchota machimboni na kula, maana udongo wa kawaida unaweza kuwa na madini ya risasi na vijidudu.

Amonia huvunja aflatoksini kwenye mashudu na mbegu za pamba, katika vyombo vilivyofungwa vya kiwandani. Ni kwa ajili ya mifugo tu. Kwa fumonisini, viwanda vya chakula cha mifugo sasa vina kimeng'enya kinachoikata molekuli.

## Mambo ya pembeni

22. Ng'ombe akila chakula chenye sumu, maziwa yanakuwaje?

Ini la ng'ombe hugeuza sehemu ya B1 kuwa M1, ambayo huonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja. Kinachohama ni asilimia 1 hadi 2 ya kilicholiwa, na kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi inaweza kufika 6. Kuchemsha maziwa hakuiondoi. Codex na Marekani huruhusu mikrogramu 0.5 kwa kilo, Umoja wa Ulaya 0.05. Ukibadilisha chakula, maziwa husafika baada ya siku chache.

23. Mnyama yupi naweza kumlisha mahindi mabaya?

Jibu la haraka ni kwamba hakuna wa kulishwa kwa kubahatisha. Bata na bata mzinga huathirika na aflatoksini kuliko kuku. Farasi hawavumilii fumonisini, ubongo wao huyeyuka. Nguruwe hujaa maji mapafuni kwa fumonisini na huvurugika uzazi kwa zearalenoni. Marekani huruhusu mahindi yenye hadi mikrogramu 300 za aflatoksini katika kila kilo kwa ng'ombe wa nyama wanaonenepeshwa mwishoni, lakini 20 tu kwa ng'ombe wa maziwa. Anayetaka kutumia nafasi hiyo lazima awe amepima.

24. Nimekula chakula chenye sumu. Ninywe maziwa au mkaa?

Hakuna dawa ya kuikata ikishaingia mwilini. Mwenye macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai au tumbo lililovimba aende hospitali, aseme alichokula, na abebe kidogo cha chakula hicho kwa ajili ya kupimwa. Waliobaki nyumbani waache kukila mara moja.

25. Naweza kupimwa mwenyewe?

Kwa utafiti, ndiyo. Hospitali nyingi hazina kipimo hicho. Aflatoksini iliyoshikamana na albumini, protini ya damu, huonyesha ulaji wa miezi miwili au mitatu iliyopita. M1 kwenye mkojo huonyesha siku moja au mbili. Kwa mtu mmoja majibu hayabadilishi tiba. Thamani yake ni kuiona hali ya kijiji kizima.

26. Kubadilisha mlo kunasaidia?

Ndiyo, na pengine ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote. Huko Qidong, China, eneo lililokuwa na saratani ya ini nyingi mno, watu walihama kutoka mahindi kwenda mchele kuanzia miaka ya 1980, na vifo vya saratani hiyo vikashuka hata kwa watu wazima ambao chanjo ya homa ya ini haikuwafikia utotoni. IARC, katika ripoti ya mwaka 2015, iliuweka mlo mchanganyiko kati ya hatua zenye ushahidi wa kutosha, sambamba na kuchambua punje na kifurushi cha baada ya mavuno cha swali la 16.

27. Nikichanganya mzigo mchafu na safi mpaka usome chini ya kiwango?

Umoja wa Ulaya unakataza waziwazi. Hata pasipo katazo, punje zenye sumu bado zimo na hazikusambaa sawasawa. Mnunuzi wa gunia moja anaweza kupewa karibu zote. Hesabu ya wastani ipo kwenye karatasi, na mlaji hali wastani.

28. Mzigo wangu umekataliwa. Nifanyeje sasa?

Uliza kwanza sampuli ilichukuliwaje. Kama ni kilo moja kutoka magunia matatu, una haki ya kuomba ichukuliwe upya kama swali la 10 linavyoeleza, ukijua kwamba jibu la pili linaweza pia kuwa baya zaidi. Usirudie kupima hadi upate namba unayoipenda.

Kama uchafu ni wa kweli, uchambuzi wa mashine unaweza kuuokoa. Karanga zinaweza kukamuliwa mafuta: usafishaji wa kiwandani kwa alikali huondoa aflatoksini kwenye mafuta, ila mashudu hubaki na sumu na hayafai kulishwa bila kutibiwa. Mahindi yanaweza kwenda kutengeneza ethanoli ya mafuta ya gari. Sumu haipandi na mvuke, hubaki kwenye masalia ikiwa imekolea karibu mara tatu ya ilivyokuwa kwenye punje, hivyo masalia yapimwe kabla ya kufika zizini. Kisichofaa kwa yote hayo huharibiwa mbele ya mkaguzi, na ghala hufagiwa na kukaushwa kabla ya gunia jingine kuingia.